Mbona kodi yao ndogo hivi?

SWALI: Shikamoo anko. Mi nauza mchele hapa Mwanjelwa, nalipa makadirio kwa awamu nne na risiti za mashine natoa. Mwaka jana nikanunua hisa kidogo za kampuni iliyoko soko la hisa Dar, juzi nikaona taarifa yao ya mwaka, faida kabla ya kodi bilioni 10 halafu kodi waliyolipa bilioni 2 tu, wakati nasikia kodi ya makampuni ni asilimia 30. Si wanakwepa hawa? Na mimi mwenye hisa nifurahi au nikasirike?
Muuza mchele, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Kukwepa ni kuficha mauzo, umeuza gunia risiti umeandika debe, hiyo ni kesi. Wakubwa wengi wanapitia milango ambayo sheria yenyewe imeiacha wazi.

Anza na mitambo. Unazijua zile mashine za kukoboa pale Igurusi, haziishi mwaka mmoja, kwa hiyo mhasibu anagawa gharama yake kidogo kidogo. Sasa tuseme kampuni yako imenunua mashine za kiwandani za bilioni 8, vitabuni wanakata milioni 800 kwa mwaka, ila sheria ya kodi inawaruhusu kukata nusu nzima mwaka wa kwanza, yaani bilioni 4. Ile tofauti ya bilioni 3.2 ukiitoa kwenye 10 inabaki 6.8, piga asilimia 30, ni bilioni 2 na chenji kidogo. Hapo hakuna mwizi, kodi imesogezwa mbele tu, utaikuta imeandikwa kodi iliyoahirishwa.

Angalia pia waliingia sokoni lini, maana kampuni mpya ikiuzia umma hisa za kutosha inatozwa asilimia 25 kwa miaka mitatu.

Mimi lakini jicho langu huwa kwenye mikopo. Riba inakatwa kabla ya kodi, gawio halikatwi, kwa hiyo kampuni mama iliyoko nje inaona heri imkopeshe mtoto wake wa huku kuliko kumuongezea mtaji, hela inarudi kwake ikiitwa riba. Kwa kampuni ambazo wageni wanamiliki robo au zaidi sheria imeweka kikomo, deni lisizidi shilingi 7 kwa kila shilingi 3 za mtaji, riba ya deni linalozidi hapo haikatwi.

Ukubwa nao una mambo yake, mkubwa ana hela ya kuajiri mtaalamu wa kodi ila TRA nayo ina idara nzima ya walipakodi wakubwa, ndo maana watafiti hawajakubaliana kama wakubwa wanalipa pungufu au zaidi. Halafu ukiwa sokoni huwezi kukondesha faida hovyo, nyie wenye hisa mnataka gawio nono.

Kwa hiyo kama ni mashine, lala usingizi. Kama ni deni la ndugu zao wa nje, kaulize mkutano mkuu, una haki hata kwa hisa kumi. Maelezo ya mikopo huwa kurasa za nyuma huko kwa maandishi madogo, beba miwani.