Jina halikuua mtoto wenu: kati ya Salimu na Salumu

SWALI: Asalam aleikum Sheikh. Siye tuko Goma, tulikimbia vita tukitokea Rutshuru. Mungu ametupatia mtoto mwanaume, leo iko na siku ine. Bibi yangu anataka tumuite Salimu, anasema ni jina ya zamani, nyepesi, haina makelele. Mama yangu anasema apana, lazima aitwe Salumu juu njo jina ya papa yangu marehemu. Shida ni hii: mtoto wetu wa kwanza tulimuita Salumu, akafa na homa akiwa na miezi mitano. Fundi mumoja wa kartie, mutu wa kupiga ramli, akapiga hesabu, akasema nyota ya ile jina njo ilimulemea mtoto, na Salimu ni ileile tu, tutafute jina ingine ao tutoe dola 40 atutengenezee kinga. Bibi analala na kilio kila siku. Tumuite nani?

JIBU: Wa aleikum salam ndugu yangu, na salamu zangu zimfikie mama mtoto kabla ya wewe. Ningeweza kukujibu kwa mstari mmoja, kwamba majina yote mawili ni halali na chagueni mnalotaka, lakini pale uliposema bibi analala na kilio nikaona hapa siulizwi jina, naulizwa kama wao wazazi njo walimuua mtoto wao kwa kumwita. Basi jibu la kwanza ni hilo: hapana. Jina halikuua mtoto wenu. Msomee bibi yako neno hili leo, usingoje kumaliza barua yote.

Majina yenyewe nayapita haraka. Salimu na Salumu yametoka mzizi mmoja, mzizi wa salama. Kiarabu kina Salim mbili, moja inaandikwa na herufi alifu, ni mtu aliyesalimika, mzima, na nyingine inaandikwa na herufi ya, ni mtu mwenye moyo safi, njo neno lililoko kwenye Suratu Shuaraa aya ya 89, siku ile mali na watoto havitafaa kitu ila mwenye kuja kwa Mungu na moyo salim. Sisi huku mdomoni zote tunasema Salimu, haidhuru. Salumu ni namna ya kuita kwa mapenzi kutoka neno lilelile, jina hili lilifika Kasongo na Nyangwe pamoja na watu wa pwani miaka ya 1800 na tangu hapo wazee wetu wa Maniema wanaitana hivyo. Na akija kijana kukwambia Salumu haimo kwenye orodha ya masahaba kwa hiyo haifai, mwambie sheria haikusema jina litoke kwenye orodha, ilisema liwe na maana nzuri, lisiwe la kuabudia asiye Mungu wala la kujisifu. Hapo namaliza.

Sasa huyu fundi. Nimewaona wengi wa namna hii na nitasema wazi juu wanakula pesa ya watu waliofiwa. Wanachofanya wanaita hesabu ya nyota, wanachukua jina, kila herufi ya kiarabu wanaipa namba yake, njo abajadi, wanajumlisha pamoja na jina la mama, wanagawa kwa kumi na mbili, kinachobaki njo nyota ya mtoto. Haya, tupige hesabu yake mwenyewe. Salim ya alifu: sini 60, alifu 1, lamu 30, mimu 40, jumla 131, ukigawa kwa 12 inabaki 11, hiyo wanaita nyota ya Ndoo. Salim ya ya: sini 60, lamu 30, ya 10, mimu 40, jumla 140, inabaki 8, hiyo ni Nge. Salumu: sini 60, lamu 30, wau 6, mimu 40, jumla 136, inabaki 4, hiyo ni Kaa. Jina la mama ukiongeza linaongezeka sawasawa kwa zote tatu, tofauti inabaki palepale. Umeona? Amekwambia Salimu na Salumu ni ileile, na hesabu yake mwenyewe inamkana. Tena Salimu yako itakuwa Ndoo au Nge kwa kutegemea mwandishi ameweka alifu au ameweka ya, na wewe ukifika komini mtoto ataandikwa kwa herufi za kifaransa ambazo hazina alifu wala ya. Uhai wa mtoto utaning'inia kwenye kalamu ya karani?

Na wazee wa nchi hii wanakumbuka mwaka 1972, Rais Mobutu alipowaondolea watu majina ya kikristo, yeye mwenyewe Joseph-Désiré akawa Sese Seko, watoto kwa wakubwa wakabadili majina nchi nzima. Siku ile nyota za watu wote zilihama mbinguni? Wagonjwa walipona, wazima wakafa, kwa sababu karatasi imebadilika?

Lakini hesabu mbovu njo kosa dogo la fundi. Kubwa ni kudai ghaibu, yaani kujua yaliyofichika. Mwenyezi Mungu anasema kwenye Suratu Naml aya ya 65 kwamba hakuna aliye mbinguni wala ardhini ajuaye ghaibu isipokuwa Yeye. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, amesema mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arobaini, ni hadithi iliyo kwenye kitabu cha Muslim. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, aliwataja hasa hawa wanaoandika abajadi na kutazama nyota, akasema haoni kama wana fungu lolote kwa Mungu. Sikwambii hivi kukutisha, wewe ulikwenda kwa uchungu na hukujua, tubu, usirudi tena, na ile dola 40 isitoke.

Najua atakachojibu fundi, juu wanakipenda sana. Atasema mbona Mtume alimkuta mtu anaitwa Hazn, yaani ugumu, akamwambia wewe ni Sahl, wepesi, yule mtu akakataa kubadili jina alilopewa na baba yake, na mjukuu wake Said bin Musayyib akasema ule ugumu haukututoka mpaka leo. Hadithi ni sahihi, iko kwenye kitabu cha Bukhari. Ila soma vizuri. Mtume aliangalia maana ya jina, hakuhesabu herufi. Na ugumu uliobaki ni ugumu wa tabia, kwa watu ambao babu yao alipewa ushauri na Mtume akaukataa. Hakuna mtoto aliyekufa pale, hakuna nyota pale. Na Salumu maana yake ni salama, sasa usalama unamlemeaje mtu?

Nataka nikae kidogo hapa, na hili msikilize wote wawili. Mtume wetu alizaliwa mtoto wa kiume na Maria, akatoka akawaambia watu usiku huu nimepata mtoto, nimemwita kwa jina la baba yangu Ibrahimu. Jina la mzee wake, kama vile wewe ulivyofanya. Yule mtoto hakutimiza miaka miwili, akafa, mwaka wa 10 wa Hijra. Mtume alimbeba akiwa anakata roho, machozi yakamtoka, akasema jicho linalia na moyo unahuzunika na hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Siku ileile jua likapatwa, giza mchana, watu wa Madina wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahimu. Yaani walifanya kazi ya fundi wako, wakafunga kifo cha mtoto na mambo ya mbinguni. Na baba aliyefiwa, ambaye angeweza kunyamaza akaacha watu wamtukuze mwanawe, alisimama akawaambia jua na mwezi ni alama mbili za Mungu, hazipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Akiwa bado na kilio. Kama kuna siku mbingu ingesema kitu juu ya jina la mtoto ingekuwa siku ile, naye akakataa.

Na jina la Ibrahimu waislamu waliliogopa baada ya hapo? Liko kila msikiti.

Bibi yako anaumia juu mtoto alikuwa bado ananyonya. Mwambie Mtume alisema juu ya mwanawe kwamba ana wa kumnyonyesha Peponi, na kwenye ndoto aliyoisimulia, nayo iko Bukhari, alimwona Nabii Ibrahimu kwenye bustani, mtu mrefu, amezungukwa na watoto wengi kuliko alivyowahi kuona, hao ni watoto waliokufa wadogo. Salumu wenu yuko pale. Si mzigo wa jina uliomtoa, ni ajali yake, siku aliyopangiwa na Mungu, ilifika, nayo ilipitia homa.

Sasa uamuzi wangu. Kumpa mtoto jina la ndugu yake aliyekufa inajuzu, Husein mjukuu wa Mtume alikuwa na zaidi ya mtoto mmoja anayeitwa Ali. Mama yako hakukosea kuomba, anamtafuta mume wake kwenye nyumba, muelewe. Lakini anayeita mtoto mara mia kwa siku ni mama mzazi, na kila atakapoita Salumu atakuwa anaita kaburi. Sitaki hilo limpate. Muiteni Salimu. Naye mtoto atakuwa na mtu wa kufanana naye: Salim aliyekuwa mtumwa akaachwa huru na watu wa Abu Hudhaifa, hana ukoo mkubwa, hana mali, na alikuwa akiwaswalisha Muhajirina, waliohama kutoka Maka, pale Quba kabla Mtume hajafika, juu njo aliyekuwa na Kurani nyingi kuliko wao. Mtume aliposema chukueni Kurani kwa watu wanne alimtaja. Bibi yako alivyosema jina halina makelele, amesema kweli kabisa, na ninamsifu, maana siku hizi watu wanatafuta majina ya ufalme na utukufu, wakati Mtume mwenyewe alibadili jina la Barra, mwema, akasema msijitakase.

Jina la mzee halipotei. Wewe mwenyewe unalibeba kwenye karte yako ya uchaguzi, na huku kwetu mtoto anaandikwa majina matatu, weka Salumu pale kama jina la familia, Salimu iwe ya kuitiwa. Fanya hivyo kabla siku 90 hazijapita, sheria imezitoa hizo, hata kama mko wakimbizi usiseme nitaandikisha tukirudi nyumbani. Chukua karatasi ya maternite, andika mwenyewe kwenye kipande cha karatasi herufi zote za jina umpe karani anakili, maana nimeona mtoto mmoja ni Salim kwenye karte ya chanjo, Salimu kwenye akti, Salume kwenye buleti ya shule, na baba yake anazunguka biro mwaka mzima.

Na ile dola 40 ya fundi nunua chandarua, ukague usiku kama kimeingizwa vizuri chini ya godoro, mpeleke mtoto chanjo zote, na akishika homa usingoje asubuhi wala usipite kwa mtu wa nyota, nenda santre ya sante usiku uleule. Huko njo kumkinga. Akika, mnyama wa kumchinjia mtoto aliyezaliwa, ni mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja unatosha ukiwa na shida, na ukikosa kabisa huna dhambi, usikope. Jina halingoji mbuzi, mpe hata leo.

Mama yako niachie mimi. Siku ya saba nitapita kwenu baada ya alasiri, nitakaa naye, nitamwomba yeye njo amtamkie mtoto jina.

Wallahu aalam.