Msusi, isome chupa kabla hujawasha pasi

Macho yakiwasha na koo likikereketa wakati wa kupiga pasi keratini, dawa ya kunyoosha nywele, usijiambie kwamba dawa ni kali ndiyo maana inafanya kazi. Mara nyingi huo ni mvuke wa fomaldihaidi, kemikali ileile ya fomalini ya mochwari. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kundi la 1, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Huleta saratani ya koo la nyuma ya pua, na baadaye ya damu ikaongezwa.

Maneno "formaldehyde free", yaani haina fomaldihaidi, yasikutulize. Mwaka 2010 wakaguzi wa usalama kazini wa Oregon, Marekani, walipima dawa zilizoandikwa hivyo na kukuta wastani wa zaidi ya asilimia 8 ya fomaldihaidi. Tafuta kwenye viungo: formalin, methanal, methanediol, methylene glycol. Hiyo ya mwisho ni fomaldihaidi iliyokwisha kuungana na maji. Ukiipasha joto inarudi kuwa gesi. Glyoxylic acid nayo huweza kuitoa ikipashwa. Dawa iliyopimwa kutoka kwenye dumu, bila orodha ya viungo, iache hukohuko dukani.

Mvuke huanza kutoka kwenye drayer, kisha huzidi wakati pasi ya nyuzi 230 inapopita mara saba au nane kwenye fungu moja la nywele. Hapo umeinama, moshi unapanda moja kwa moja puani. Mteja atarudi baada ya miezi mitatu; wewe kesho una vichwa vingine viwili.

Barakoa ya hospitali haizuii gesi. N95 pia haizuii, hiyo ni ya vumbi. Inayofaa ni ile ya mpira yenye kichujio kilichoandikwa kuwa ni cha fomaldihaidi, nacho hubadilishwa kikichoka. Ila anza na hewa. Feni ya darini inazungusha mvuke uleule tu. Weka feni dirishani ikisukuma hewa nje, fungua mlango wa upande wa pili, usimame wewe upande hewa inakoingilia. Chumba kisicho na dirisha kisifanyiwe keratini, hata mteja akilipa mara mbili.

Kwenye kucha, N95 inasaidia wakati wa kusaga akriliki. Meza yenye feni ya kufyonza ni bora zaidi, mradi kichujio chake cha mkaa kibadilishwe kila mwezi. Baadhi ya dawa za kuimarisha kucha zina fomaldihaidi, kwa hiyo nazo zisome.

Rangi ya nywele ina kosa lake. Wengi huvaa glavu kupaka, halafu huosha kwa mikono mitupu, wakati rangi bado inatiririka. Kazi ya ususi yenyewe shirika lile la utafiti wa saratani limeiweka kundi la 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa inaleta saratani, hasa ya kibofu. Vaa glavu hadi maji yatoke meupe, kisha zitupe. Glavu iliyogeuzwa ndani nje kwa mteja wa pili inakubandika rangi ya yule wa kwanza.

Uvimbe shingoni usiouma, tundu moja la pua kuziba kwa wiki kadhaa, damu kwenye kamasi, sikio moja kuvuma, au damu kwenye mkojo: nenda hospitali. Mtajie daktari kazi yako na miaka uliyoifanya, umwonyeshe picha za viungo vya chupa ulizonazo kwenye simu.