Kabla Hujaiamini Picha ya Hewa ndani ya Kitalu Nyumba

Mara ya kwanza nilipotumia kompyuta kuchunguza mzunguko wa hewa ndani ya kitalu nyumba, nilifanya kosa ambalo ningependa kumwepusha nalo kila anayeanza kazi hii. Kitalu kilikuwa cha nyanya, nje kidogo ya mji wa Morogoro, chenye paa la nailoni na kuta za neti. Mwenye shamba, mama mmoja wa makamo, alikuwa akihangaishwa na maua yaliyopukutika kila msimu wa joto, nami nikamwahidi kwamba tungejua mahali pa kutoboa paa. Nikachora jengo, nikaingiza upepo kutoka upande mmoja, nikapata picha ya rangi iliyoonyesha hewa ikipita kitaluni bila kizuizi. Kipimajoto tulichokitundika katikati ya mistari ya nyanya kilisema jambo jingine kabisa.

Nilikuwa nimeacha neti na mimea, yaani vitu viwili vinavyoizuia hewa zaidi kuliko vingine vyote. Ili kumzuia inzi mweupe, matundu ya neti hayapaswi kuzidi takribani milimita 0.46, na kwa vithiripi (wadudu wadogo sana wanaofyonza mimea) yashuke hadi karibu milimita 0.19, matundu madogo kiasi hicho huupunguzia upepo nguvu nyingi, na vumbi likishaganda juu yake hali huwa mbaya zaidi. Hakuna haja ya kuchora uzi mmoja mmoja, kwani kompyuta haitaweza kubeba mzigo huo. Neti huingizwa kama tabaka lenye vitundu, ambalo ukinzani wake una sehemu mbili: moja huongezeka kwa kadiri ya kasi ya hewa, nyingine kwa kadiri ya kasi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Mimea nayo huingizwa kwa njia hiyo hiyo, lakini usisahau kwamba majani hutoa mvuke, na kila kilo moja ya maji inayogeuka mvuke huchukua takribani megajuli 2.45 za joto. Kwa sababu hiyo kitalu chenye miche michanga na kitalu kilichojaa mimea iliyokomaa havina hali moja ya hewa, hata jengo likiwa lile lile.

Jambo la pili ni upepo wenyewe. Vituo vya hali ya hewa hupima upepo kwenye urefu wa mita 10 kutoka ardhini, ilhali paa la kitalu kidogo halifiki hata nusu ya hapo, na karibu na ardhi upepo huwa dhaifu. Ukiingiza kasi ya kituoni kama ilivyo, utajipatia hewa ambayo mkulima hana. Kwenye mchoro, acha pia nafasi ya kutosha nje ya jengo: angalau mara tano ya kimo chake upande upepo unakotoka, na mara kumi na tano upande unakoelekea. Rudia hesabu kwa gridi tatu, yaani vyumba vidogo ambavyo kompyuta huigawa hewa ili kuikokotoa, kila gridi ikiwa na vyumba vya ukubwa tofauti. Matokeo yakibadilika kila unapopunguza ukubwa wa vyumba hivyo, bado huna jibu. Programu ya OpenFOAM hutolewa bure na inatosha kwa haya yote, ingawa inahitaji subira nyingi.

Ninasisitiza zaidi saa ya kuchunguza. Wengi huchagua siku yenye upepo mzuri, lakini nyanya huumia saa saba mchana, jua likiwa kali na majani ya miti hayatikisiki. Saa hiyo hewa husukumwa na joto pekee: ya moto hupanda na kutokea juu, ya baridi huingia chini. Mtiririko huo hukua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha tofauti ya kimo kati ya matundu ya chini na ya juu, hivyo kukiongeza kimo hicho mara mbili huongeza hewa kwa takribani asilimia 41 tu. Kitalu chetu hakikuwa na tundu lolote la juu. Neti za ukutani, nilizokuwa nimeziamini, zilikuwa zikisubiri upepo usiokuwepo.

Nilirudia kazi yote, safari hii nikiwa na vipimajoto vitano vilivyokingwa jua kwa vifuniko vyeupe, na sikumwonyesha yule mama picha yoyote mpaka hesabu na vipimo vilipokaribiana. Tukakubaliana juu ya mwanya mrefu kileleni mwa paa, wenye neti, ukielekea upande usiopigwa na upepo wa kawaida. Aliujenga kabla ya msimu uliofuata, na neti za ukutani akaanza kuziosha.