Kamera ya kitobo: hangaika na kitobo kwanza, boksi baadaye

Wadau, ukipata ile seti ya kamera ya kitobo, zile za kukunja na kugundisha mwenyewe, usianze kupoteza muda na mapambo. Boksi lolote gumu linafanya kazi, ila kitobo kikiwa kibaya hakuna picha hapo. Kamera hii haina lensi kabisa, mwanga unapita kwenye tundu unatua kwenye filamu basi, kwahiyo ukubwa na usafi wa hilo tundu ndo kila kitu.

Mimi nakata kipande cha kopo la soda, naweka juu ya kadibodi, nabonyeza sindano ya kushonea huku naizungusha, ncha tu isizame yote, afu nageuza nasugua kale kauvimbe kwa msasa laini, nachomeka tena taratibu. Kama filamu iko milimita 50 kutoka kwenye kitobo, unataka tundu la kama milimita 0.3. Kulipima, piga picha kwa simu pamoja na rula afu vuta karibu, ukiona kingo zina manyoya tupa uanze upya, makopo hayajaisha mjini.

Ndani paka nyeusi isiyong'aa, viungo vyote ziba kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, na usiwe bahili maana jua la Dodoma linapenya mahali ambapo hukuwaza kabisa.

Lakini hilo jua ndo faida yetu. Kwa vipimo hivyo filamu ya ISO 100 (ISO ni wepesi wa filamu kunasa mwanga) saa saba mchana inataka kitobo kiwe wazi kama sekunde moja. Ya ISO 200 ni nusu sekunde, sasa kuvuta tepu inayofunika kitobo na kuirudisha ndani ya nusu sekunde ni shughuli, bora ya 100. Kivulini hesabu sekunde 10 mpaka 15. Na upepo wa kiangazi hauna huruma na kiboksi chepesi, mimi nakigandamiza na jiwe, stendi ya nini! Pale Nyerere Square wapita njia wanatoka kama moshi, na hiyo raha kamera ya simu haikupi hivihivi.

Kusogeza filamu ya 35mm, picha moja ni matundu 8 ya pembeni, ongeza kidogo zisipandane. Kabla hujanunua filamu ulizia studio gani bado wanasafisha, na ukipeleka mwambie fundi asiikate, akuachie mkanda mzima, maana nafasi kati ya picha zako hazilingani na atakukatia picha katikati.