Maswali ya Wasomaji: Feni Zinazunguka, Skrini Nyeusi

Barua nyingi safari hii zinahusu kompyuta za mezani zilizoungwa nyumbani kwa vipuri. Tumechukua sita. Mbili tumezijibu kwa urefu, kwa kuwa matatizo yake ndiyo yanayowapotezea watu fedha bure, na moja kati ya hizo inaweza kumpoteza mtu mwenyewe.

Mafundi, habari zenu. Nimeunga kompyuta yangu ya kwanza: prosesa Ryzen 5 5600, mothabodi ya B450 iliyokwisha kutumika, RAM mbili za GB 8, kadi ya picha GTX 1650 na pawa saplai ya wati 500. Nikiwasha, feni zote zinazunguka na taa zinawaka, lakini skrini ni nyeusi na inasema haipati mawimbi. Fundi wa mtaani anasema mothabodi imekufa. Ninunue nyingine? – Mwanafunzi, Mukono

Usinunue kitu bado, ndugu. Feni kuzunguka kunathibitisha jambo moja tu: volti 12 zinafika. Kuhusu uhai wa mothabodi hakusemi lolote, na huyo fundi amehukumu kabla ya kupima.

Anza nyuma ya kasha. Ryzen 5 5600 haina sehemu ya picha ndani yake. Yenye nayo ni 5600G. Kwa hiyo tundu la HDMI lililo kwenye mothabodi, pale juu karibu na matundu ya USB, kwako halina kazi. Waya wa skrini unachomekwa chini yake, kwenye kadi. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa namba ni vivyo hivyo.

Kisha angalia umeme wa prosesa. Mothabodi hupokea umeme kwa njia mbili: plagi pana ya pini 24, na ndogo ya pini 4 au 8 pembeni kabisa mwa prosesa. Hiyo ndogo ndiyo inayosahaulika, na bila yake feni huzunguka kama kawaida. Plagi ya prosesa hugawanyika 4+4, ya kadi ya picha 6+2. Zote mbili zina pini 8, lakini upande wenye volti kwenye moja ndio wenye waya mweusi (wa ardhi) kwenye nyingine. Umbo la pini limewekwa ili zisiingiliane. Ikigoma kuingia, maana yake umeshika siyo yake, usiilazimishe. GTX 1650 nyingi hujitosheleza kwa wati 75 zinazotoka kwenye tundu la mothabodi. Kama yako ina tundu la pini 6, nalo lijazwe.

RAM, yaani vibao vya kumbukumbu: matundu yakiwa manne, hesabu kutoka kwenye prosesa, uweke ya pili na ya nne. Bodi nyingi za siku hizi zina kilatchi upande mmoja tu, kwa hiyo upande wa pili haulii "ta!" na RAM hubaki imeinuka kidogo. Bonyeza ncha zote mbili kwa vidole gumba. Ikiwa bado, acha moja tu kwenye tundu la pili, jaribu, kisha ubadilishane na mwenzake. RAM iliyokwisha kutumika ifutwe meno yake ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, halafu upulize vumbi la kifutio lisiingie tunduni.

Hapo ndipo tunafika kwenye shaka yetu kubwa. Mothabodi za B450 zilitoka mwaka 2018. Ryzen 5 5600 ilitoka 2022. Bodi ambayo BIOS yake (programu ndogo iliyo ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta) haijawahi kusasishwa haiijui prosesa hiyo kabisa, na dalili ni hizo hizo ulizoandika: feni, taa, basi. Soma jina kamili la bodi lililochapwa juu yake, pamoja na namba ya toleo, ufungue ukurasa wa mtengenezaji wenye orodha ya prosesa zinazokubalika. Utaona BIOS namba ngapi ndiyo ya kwanza kuitambua 5600, na hiyo au ya baadaye ndiyo unayoitaka. Kama nyuma ya bodi kuna kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi, una bahati: fomati flashi kwa FAT32, weka faili kwa jina lile lile linalotajwa na kijitabu, chomeka plagi za umeme mbili tu, bonyeza, subiri taa iache kupepesa. Huchukua dakika kadhaa. Fanya kwenye UPS (boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika), kwa sababu umeme ukikatika katikati, BIOS huharibika. Kitufe kisipokuwepo, mpelekee fundi mwenye prosesa ya zamani, mfano Ryzen 5 2600. Ataifunga, atasasisha, atarudisha yako. Ukitoa kipoza (chuma na feni vinavyokaa juu ya prosesa kuipoza), kizungushe taratibu kulia na kushoto kwanza. Pesti, ule uji wa kupitisha joto ulio kati yao, ikiwa imekauka, ukivuta wima hung'oa prosesa kutoka kwenye soketi, na kwa AM4 (aina ya soketi ya bodi yako) pini ziko kwenye prosesa yenyewe.

Ikishindikana yote, toa mothabodi nje ya kasha uiweke juu ya boksi lake la karatasi. Acha prosesa, kipoza, RAM moja na kadi tu. Gusanisha pini mbili zilizoandikwa PWR_SW kwa ncha ya bisibisi, kwa sekunde moja. Ikionyesha picha hapo, kosa lilikuwa kwenye kasha: kuna nguzo ya skrubu iliyobaki mahali ambapo bodi haina tundu, nayo inagusa mgongo wake na kusababisha shoti. Ikikataa hata hapo, ndipo tuzungumzie mothabodi.

Nikigusa kasha la kompyuta nikiwa peku nasikia kama sisimizi wananitembea mkononi. Wakati mwingine inarusha kabisa. Pawa saplai ni mpya. Je, ni mbovu? – Mama wa watoto wawili, Bombo

Dada, karibu tuna hakika pawa saplai ni nzima. Kinachokosekana ni athi, ule waya wa ardhini.

Mlangoni mwa kila pawa saplai nzuri kuna kichujio chenye kapasita mbili ndogo: moja kutoka waya wa moto hadi kwenye chuma cha kasha, nyingine kutoka nyutro hadi hapo hapo. Kazi yake ni kumwaga kelele za umeme ardhini. Athi ikiwepo, hicho kidogo kinachopita kinashuka chini bila mtu kujua. Isipokuwepo, kasha huelea katikati ya nyaya hizo mbili, yaani karibu volti 120 kwa umeme wetu wa 240. Mkondo wake ni mdogo sana, ndiyo maana unasisimka badala ya kutupwa. Hatari ni siku waya wa moto utakapolegea na kugusa kasha kweli: bila athi umeme hauna pa kukimbilia, kikata umeme ukutani hakijui, na kasha linabaki na volti 240 likimsubiri mtoto.

Fungua ekstensheni yako kwanza, ikiwa imechomolewa. Zipo zinazouzwa rahisi zenye matundu matatu juu, na ndani zina nyaya mbili. Tundu la tatu halikuunganishwa na kitu. Kingine ni adapta ya plagi ya pini mbili: pini ya tatu inabaki hewani. Tupa vyote viwili. Tumia plagi ya pini tatu za mraba, yenye fyuzi, moja kwa moja ukutani, uguse tena kwa mgongo wa kidole.

Kama bado inasisimua, soketi ya nyumba haina athi, au waya wake umekatika, au fimbo ya athi haikupigwa ardhini. Hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme Uganda. Atapiga fimbo ya shaba, si chini ya mita 1.2, mahali penye udongo unaobaki na unyevu, na atapima. Usikubali njia mbili za mkato: kuunganisha athi na nyutro ndani ya soketi, na kufunga waya kwenye bomba la maji, ambalo siku hizi mara nyingi ni plastiki. Kununua UPS hakuponyi ugonjwa huu. UPS nayo inategemea athi hiyo hiyo.

Mpaka hapo, usichomeke wala kuchomoa HDMI kati ya kompyuta na televisheni vikiwa vimewashwa. Tofauti ya volti kati ya makasha mawili hupita kwenye waya mwembamba na kuunguza tundu.

Nafanya kazi za usanifu Nasser Road. UPS yangu ya VA 650 ni mpya, lakini umeme ukikatika kompyuta inazima papo hapo. Nimechomeka kompyuta, skrini na printa ya leza. – Mchapaji, Kampala

Printa ndiyo mchawi wako. Printa ya leza inapopasha roli yake moto huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, mara nyingi zaidi ya uwezo wote wa UPS hiyo. VA 650 si wati 650. Angalia kibandiko nyuma, nyingi za ukubwa huo hutoa kama wati 360 hadi 390. Chomeka printa ukutani, kwenye kinga ya mshituko wa umeme, kamwe si kwenye upande wa betri wa UPS.

Ikizima hata bila printa, pima betri baada ya kuipumzisha saa chache nje ya chaji. Ya volti 12 iliyo nzima husoma karibu 12.7 au zaidi. Ikiwa chini ya 12, imekwisha, hata kama duka lilikuambia ni mpya, maana betri hizi huzeeka zikiwa zimelala rafuni. Na hata ikiwa nzima, betri ndogo ya UPS kama hiyo haikupi muda wa kumaliza kazi. Inakupa dakika chache za kuhifadhi faili na kuzima.

Inazima yenyewe nikicheza gemu, kila baada ya dakika kumi hivi. – Kijana, Mbale

Huenda prosesa inapata joto kupita kiasi. Toa kipoza uangalie chini yake. Kama kuna karatasi ya plastiki yenye maandishi ya onyo, iondoe. Tunaiona mara nyingi kuliko unavyodhani. Futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya njegere, kaza skrubu kwa mshazari kidogo kidogo. Joto la prosesa likibaki chini ya nyuzi 85 ukicheza lakini bado inazima, sasa ishuku pawa saplai.

Kila asubuhi saa na tarehe zinarudi miaka ya nyuma, na tovuti zinakataa kufunguka. – Mwalimu, Arua

Badilisha betri ya sarafu kwenye mothabodi, CR2032. Tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyake vya usalama hukaguliwa kwa tarehe ya kompyuta yako. Baada ya hapo ingia BIOS, weka saa, na hakikisha mpangilio wa diski ya kuanzia haujabadilika.

Badala ya kuunga, nataka kununua Dell OptiPlex 9020 iliyotoka ofisini niiongezee pawa saplai kubwa na kadi ya picha. Ni wazo zuri? – Mfanyabiashara, Busia

Kompyuta za ofisi kwa bei ni sawa, ila si hiyo kwa mpango huo. Mothabodi ya 9020 hupokea umeme kwa plagi ya pini 8 ya Dell yenyewe, si pini 24 za kawaida, kwa hiyo pawa saplai ya dukani itahitaji waya wa kubadilishia. Kasha dogo, lile jembamba, linakubali kadi fupi za wati 75 tu. Tena prosesa zake ni za Intel za kizazi cha 4: Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tafuta yenye kizazi cha 8 au zaidi, kama OptiPlex 3060, 5060 au 7060, ya kasha refu, na kabla ya kulipa fungua BIOS uhakikishe haina nenosiri la ofisi iliyotoka. Na kama pawa saplai ina swichi nyekundu nyuma, hakikisha inasoma 230. Ikiwa 115, mlio utausikia mara moja tu.