Mahindi yenye michirizi myeupe: je, ni zinki?

SWALI: Mahindi yangu yamedumaa na majani machanga yana michirizi mipana myeupe, ingawa nilipanda kwa mbolea nyingi ya fosfeti. Je, niongeze zinki?

JIBU: Dalili unazozieleza, hasa michirizi ikiwa sambamba na mshipa mkuu wa jani na pingili zikiwa fupi, huashiria upungufu wa zinki, na huenda wingi huo wa fosfeti ndio uliouchochea, kwa kuwa fosforasi iliyomo kwenye fosfeti ikizidi huuzuia mmea kuitumia zinki ipasavyo. Udongo wa chokaa wenye pH (kipimo cha tindikali) inayozidi 7, na ule wa kichanga usio na mboji, nao huathirika sana. Pima udongo kwanza. Kukisia ni gharama. Upungufu ukithibitika, kilo 25 za salfeti ya zinki yenye asilimia 21 ya zinki hutosha hekta moja, nazo huchanganywa na udongo kabla ya kupanda, na kwa kawaida hufaa kwa misimu kadhaa. Kwa mimea iliyokwisha kuota, nyunyizia majani mchanganyiko wa gramu 5 za salfeti hiyo kwa lita ya maji, jua likiwa limepoa, bila kuuchanganya na mbolea ya fosfeti.