Minyoo kwenye ini la tewa: ni wa aina gani?

Swali: Mimi huuza samaki wa kukaanga South B, Nairobi. Juzi nilinunua tewa mzima City Market, macho maangavu, matamvua mekundu. Nilipompasua nikakuta vinyoo vyeupe vimejiviringa juu ya ini, na kwenye mnofu vitu kama punje za wali. Jirani anasema ni funza, samaki ameoza. Ni kweli? Nitawatambuaje?

Jibu: Dada yangu, samaki wako hakuoza. Funza ni mtoto wa nzi: mnene, mwili wa pingili, mkia butu, na hufuata uozo. Hao wa kwako waliingia tewa akiwa hai baharini. Waliojiviringa huenda ni Anisakis, mnyoo wa samaki wa baharini: mzazi wake hukaa tumboni mwa pomboo au nyangumi, mayai hutoka na kinyesi, lava (mtoto wa mnyoo) huliwa na wadudu wadogo wa jamii ya kamba, nao huliwa na samaki. Tewa akimeza samaki mdogo mwenye lava, lava huhamia kwake.

Tuanze na punje za wali, maana hizo hazina mambo mengi. Karibu kila mara ni watoto wa tegu wanaokomaa ndani ya papa na taa. Ukipasua kifuko utaona kitu bapa, cheupe, wakati mwingine chenye mkia kama kiluwiluwi. Hawamdhuru binadamu. Kata sehemu hiyo uitupe.

Waliojiviringa kama utambi ndio wa kuangaliwa kwa makini. Naomba usimvute kwa kibano. Kichwa hukatikia kwenye ini, na bila kichwa nusu ya jibu imepotea. Pasua utando unaomfunika, umwache ajikunjue mwenyewe kwenye maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita moja. Maji matupu ya bomba humvimbisha, hata kumpasua. Kisha mlaze juu ya kioo, umulike kwa chini na tochi ya simu. Lava wa Anisakis ana urefu wa sentimita 2 au 3, na nyuma kidogo ya kichwa utaona baka jeupe zito, kama tone la uji ndani ya mrija. Hilo ni tumbo lake dogo, kati ya umio na utumbo.

Hapo macho yamefika mwisho, hadubini inaendelea. Anisakis ana jino dogo la kutobolea mdomoni, na njia yake ya chakula imenyooka bila kifuko cha pembeni. Jamaa zake wawili hufanana naye: Pseudoterranova, mkubwa zaidi na mwenye rangi ya kahawia au nyekundu, ana kifuko kimoja kinachoelekea mbele. Contracaecum ana viwili, kimoja mbele, kingine nyuma. Nasisitiza tofauti hizi kwa sababu Anisakis akiliwa hai anaweza kutoboa ukuta wa tumbo la mtu na kumletea maumivu makali ndani ya saa chache.

Ndimu na siki hazimuui. Moto humuua: nyuzi 60 hadi katikati ya mnofu kwa dakika nzima, kwa hiyo vipande vinene vya tewa usivitoe vikiwa vimebadilika rangi nje tu. Kwa samaki wa kuliwa mbichi, kanuni za Ulaya hutaka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24; Marekani hushauri siku 7. Friza nyingi za nyumbani hazifiki baridi hiyo. Mteja mwenye mzio wa Anisakis ni jambo jingine, kwani hata mnyoo aliyepikwa anaweza kumdhuru.

Tena, mwombe muuzaji wako samaki atolewe matumbo kule kule pwani. Samaki akishakufa, baadhi ya lava hutoka kwenye matumbo na kuingia mnofuni, na safari ya kuja Nairobi ni ndefu.

Ukitaka maabara wathibitishe, weka lava watano au sita kwenye spiriti ya asilimia 70 au zaidi. Usitumie fomalini, huharibu vinasaba. Andika kwa penseli, kwenye karatasi itakayokaa ndani ya chupa, jina la samaki, alikovuliwa, tarehe, na kama lava alitoka kwenye ini au mnofu.